Bili ya hooyo hospitalini ndiyo inakunyima nyumba, na benki haijui

VIJANA wa Garissa siku hizi tunaongea nyumba kuliko tunavyoongea Arsenal. Keti jioni kwenye meza yoyote ya chai ya maziwa pale Township usikie: nani amejisajili Boma Yangu, nani amepata ploti njia ya Modika, nani amechoka kulipia vyumba viwili vya mabati Bulla Iftin vyenye joto la tanuri. Wazazi wetu wengi walijenga kwa subira, chumba kimoja baada ya kingine, mwaka ukipatikana mbuzi wa kuuza. Sisi wenye mshahara wa mwezi, walimu, manesi, watu wa kaunti, watu wa mashirika kule Dadaab, tunataka kujaribu njia ya benki.

Halafu benki inasema hapana, na sababu inakuja kwa herufi tatu: CRB.

Ukirudi mtaani na jibu hilo watu wanakuangalia kama mtu wa kamari. Wanadhani ulikopa ukanunua viatu. Lakini kaa na hao walioorodheshwa, uwaulize polepole pesa za kwanza walizokopa kwa simu zilienda wapi. Utashangaa ni wangapi watakutajia wodi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mzee wa kisukari, mtoto wa dada aliyepelekwa Nairobi usiku. Hii ndiyo habari ambayo haijaandikwa kwenye ripoti yoyote ya mikopo, na ndiyo ninayotaka tuizungumze leo bila kuona haya.

Tuanze na jinsi deni linavyozaliwa. Chukua mfano huu. Nimeutunga, lakini kila anayesoma akiwa Garissa, Wajir au Mandera ana ndugu aliyeupitia. Bili ni Sh140,000. Ukoo unaitwa, qaaraan inapitishwa kwenye WhatsApp, abti aliye Eastleigh anatuma, abti aliye Minneapolis anatuma, mwenye duka Soko Mugdi anatoa, zinafika Sh95,000. Zimebaki Sh45,000 na mgonjwa ameshaambiwa yuko huru kwenda nyumbani, ila geti halimtambui. Sasa macho yote yanamgeukia kijana mmoja. Yeye ndiye ana kazi. Yeye ndiye anajua kusoma zile fomu. Yeye ndiye simu yake ina limiti.

Basi anafuliza, anachukua M-Shwari, anaongeza apu mbili zenye majina ya kupendeza, anatoa Sh28,000. Zile Sh17,000 zilizobaki anaandika ahadi kwenye karatasi ya hospitali, anaweka sahihi, pengine anaacha nakala ya kitambulisho. Hooyo anapakiwa kwenye probox anarudi nyumbani. Watu wanasema alhamdulillahi, na ni haki yao kusema hivyo.

Angalia vizuri hapo, kwa sababu usiku ule yamezaliwa madeni mawili na yana tabia tofauti kabisa.

La kwanza ni la karatasi, lile la hospitali. Hospitali si benki. Kwa kawaida hiyo Sh17,000 haiendi CRB. Inakaa kwenye leja, inasahaulika, au siku moja inapigiwa simu na kampuni ya kukusanya madeni. La pili ni la simu, na hilo linaenda. Mkopo wa benki ukikaa siku 90 bila kulipwa unahesabiwa umeharibika, na jina lako linapelekwa kwa TransUnion, Metropol na Creditinfo. Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kupelekwa, lakini nani ana bili ya hospitali ya chini ya elfu? Na hata ukilipa, ile rekodi ya kwamba ulichelewa inaweza kukaa hadi miaka mitano tangu siku uliyomaliza. Soma tena: tangu siku uliyomaliza kulipa. Kijana aliyelipa mwaka wa 2023 anaweza bado kubeba lile doa mwaka wa 2028.

Afisa wa mikopo anapofungua ripoti yako haoni wodi. Anaona mikopo mitatu ya simu iliyochukuliwa ndani ya saa 24, yote ikaharibika. Kwa macho yake huyo ni mtu asiyejua kupanga pesa. Kumbe ndiye mtu wa pekee katika familia aliyesimama.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo mtu wa Nairobi anaweza asilione. Mikopo mingi ya simu ina riba, na wengi wetu tumelelewa tukijua riba ni haramu. Kwa hivyo aliyekopa usiku ule alikopa kwa dharura na hakumwambia mtu. Mkopo uliposhinda kulipika, aibu ikawa mbili: ya kudaiwa na ya riba. Akabadilisha laini. Deni likaendelea kuzaa gizani kwa sababu hakuna hata mmoja pale nyumbani anayejua lipo, hata hooyo mwenyewe aliyetibiwa nalo. Ukoo ambao ungeweza kupitisha qaaraan ya pili haukuambiwa kuna ya pili.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ya muhula ilipopatikana kulikuwa na mtu wa kwetu kitandani, na hesabu ikawa rahisi. Sina kinyongo na hilo. Lakini wale niliosoma nao waliobaki wakamaliza na kupata kazi hawakuepuka. Zamu yao ilikuja tu baadaye, na ikawakuta na hati ya mshahara mkononi.

Sasa mogeji yenyewe. Nchi nzima ya Kenya, kwa hesabu za Benki Kuu, ina mikopo ya nyumba kama 30,000 hivi. Watu zaidi ya milioni 50, mogeji elfu thelathini. Huo mlango ni mwembamba hata kwa mtu wa Kileleshwa. Kwetu ni mwembamba zaidi, kwa sababu benki inataka hati miliki na ploti nyingi za Garissa zimesimama kwa barua ya ugawaji tu, na ardhi kubwa nje ya mji ni ya jamii. Ukiwa na kandarasi ya mwaka mmoja Dadaab, hasa baada ya mashirika kupunguza watu 2025 pesa za Marekani zilipokatwa, afisa anakunja uso kabla hujakaa. Kwa hivyo yule kijana wetu anapofika na kazi ya kudumu, ploti yenye hati na akiba ya miaka minne, ni mtu adimu. Na huyo ndiye anaangushwa na Sh28,000 za usiku mmoja.

Kuna wanaodhani benki za Kiislamu zitawaepusha. Gulf African, au ile iliyokuwa First Community ambayo sasa ni Premier, zinakununulia nyumba au zinashirikiana nawe bila riba, na hilo ni jambo la maana kwetu. Lakini nazo zina leseni ya Benki Kuu na zinaangalia CRB kama wengine. Boma Yangu ina mpango wa kulipa polepole mpaka nyumba iwe yako bila kupitia mogeji ya benki, na wenye mishahara tunakatwa ile asilimia 1.5 ya nyumba kila mwezi tangu sheria ya 2024, kwa hivyo jisajili, pesa ni zako. Bado siku moja utataka mkopo wa kujenga kwenye ploti yako mwenyewe, na ripoti itafunguliwa.

Ushauri wangu kwa mwenye doa la namna hii ni kufukua kabla ya benki kufukua. Kisheria una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kwa shirika la CRB. Iombe leo, hata kama nyumba unaifikiria ya mwaka ujao. Usome kila mstari. Utakuta mikopo uliyosahau, na wakati mwingine utakuta mkopo uliolipa lakini mkopeshaji hakupeleka habari. Huo unaweza kuupinga kwa maandishi, na wanalazimika kuuchunguza. Mkopeshaji pia alitakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukupeleka. Kama ulibadilisha laini, ilitumwa kwenye ile ya zamani, pole.

Mikopo ya benki kama M-Shwari ina kitu kinachokulinda ambacho watu hawakitumii. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza 2007, kinasema riba ya mkopo ulioharibika haiwezi kupita kiasi ulichokuwa unadaiwa siku ulipoharibika. Deni la Sh10,000 haliwezi kuwa Sh60,000 kwa sababu umenyamaza miaka sita. Ukiambiwa hivyo, omba hesabu kwa maandishi. Mara nyingi sauti ya kwenye simu inalainika ghafla. Na ukikubaliana kulipa kidogo kuliko wanachodai, pata barua kwanza, lipa kwa njia yenye risiti, halafu dai barua ya kuthibitisha deni limekwisha. Bila barua hiyo hujalipa, umetoa sadaka.

Lile la hospitali linataka akili nyingine. Swali la kwanza: uliweka sahihi? Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi na iwe imesainiwa. Kuwa mtoto wa mgonjwa, au kuwa ndiye uliyempeleka, hakukufanyi mdaiwa. Kama mgonjwa alifariki, Mungu amrehemu, deni lake linatoka kwenye mali aliyoacha. Dini yetu inasema hivyo hivyo, madeni kwanza ndipo warithi.

Kama uliweka sahihi, wewe ni mdhamini na ni deni halali. Lakini lina umri. Sheria ya Kenya inampa anayedai kwa mkataba miaka sita kwenda kortini. Hapa kuna mtego ambao wakusanya madeni wanaujua vizuri: ukilipa hata Sh500 ndani ya muda huo, au ukaandika na kusaini kwamba unakubali deni, saa inaanza kuhesabu upya kutoka siku hiyo. Ndiyo maana mtu anakupigia akikuambia kwa upole, 'tuma tu kitu kidogo kuonyesha nia njema.' Usitume kidogo kwa sababu umeshtuka. Uliza deni ni la lini, linadaiwa na nani, karatasi yenye sahihi yangu iko wapi.

Najua atakayesema: kijana, wewe unawafundisha watu kukimbia madeni. Hapana. Muislamu anajua saa ya korti na saa ya akhera hazikutengenezwa na fundi mmoja. Deni ulilokubali ulipe, hata kama mahakama imechoka kulingoja. Ninachosema ni ulipe ukijua unalipa nini, kwa nani, na upewe karatasi. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Quran, kwenye Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Sisi tunaihifadhi madrasa tukiwa watoto, halafu tukiwa wakubwa tunaingia hospitali na kusaini fomu ambayo hatukupewa nakala.

Kwa hospitali ya umma, kabla ya kulipa deni la zamani tafuta afisa wa ustawi wa jamii. Kazi yake mojawapo ni kupima kama familia ilikuwa na uwezo na kupendekeza msamaha wa bili. Wengi wetu hatukumwona usiku ule kwa sababu tulikuwa tunakimbizana na pesa. Uliza pia kama NHIF ya mgonjwa ilikuwa hai siku zile, kwa sababu kuna sehemu ya bili ambayo haikuwa yako hata kidogo. Siku hizi ni SHA, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara na si chini ya Sh300 kwa mwezi. Mfugaji wa Balambala ambaye hana mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na mwaka wa ukame huo mpigo hana. Familia ikiwa na kijana mmoja wa kazi, alipie wazazi SHA hata kabla ya kuanza kuweka amana ya nyumba. Ni sehemu ya mogeji, tuseme hivyo.

Na kuhusu lile geti. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kuwazuia akina mama wawili katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili kulivunja haki zao za kikatiba, na wakapewa fidia. Miaka kumi imepita na bado watu wanasaini ahadi na kufuliza usiku kwa hofu ya geti. Ukiondoa hofu ya geti, mikopo mingi ya simu isingechukuliwa kabisa. Kijana angesema, nitalipa Sh5,000 kila mwezi, niandikieni. Hilo lingekuwa deni la karatasi lenye utaratibu, na ripoti yake ya CRB ingebaki safi. Ni lile geti linalogeuza deni la hospitali kuwa deni la simu.

Wenzetu wa Minnesota, na tuna ndugu huko kuliko tulio nao Nakuru, wameliona hili. Sheria yao ya madeni ya 2024 imekataza deni la matibabu kupelekwa kwenye ripoti za mikopo, na imemwondolea mume au mke mzigo wa kudaiwa moja kwa moja bili ya mwenzake. Ni jimbo tu. Serikali kuu ya Marekani ilijaribu kufanya hivyo kwa nchi nzima mwanzoni mwa 2025 na mahakama ya Texas ikaitupa kanuni hiyo Julai mwaka huo huo. Lakini hoja yao ndiyo ninayoitaka: mtu hachagui kuugua, kwa hivyo deni la ugonjwa halikuambii kama atalipa nyumba yake.

Kwetu ugumu ni kwamba deni letu la ugonjwa limevaa nguo za mkopo wa kawaida. Sheria ya kukataza hospitali kwenda CRB isingemsaidia yule kijana hata chembe, kwa sababu hospitali haikumpeleka. Inatakiwa kitu kingine, na si kigeni. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha rekodi za wakopaji wa simu: mikopo ya siku 30 au chini, punguzo la angalau asilimia 50, hadi Mei 2023. Uliwagusa watu milioni 4.2 na madeni ya kama Sh30 bilioni. Rais naye, akiwa mpya Ikulu, alikuwa ameshasema habari ya kufungia watu kabisa ibadilishwe iwe ni kupima kwa alama. Kwa hivyo wanaweza wakitaka.

Wafanye tena, safari hii kwa mtu mwenye karatasi. Ukileta barua ya kulazwa na risiti za hospitali za wiki ile ile uliyokopa, na ukawa umelipa mkopo, doa liondolewe siku hiyo badala ya kukufuata miaka mitano. Udanganyifu utakuwepo, ndiyo, barua feki zitatokea. Benki zinajua kutambua hati feki ya ardhi, zitashindwaje na risiti ya hospitali? Na kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziagize hospitali zao zimpe kila anayesaini ahadi nakala ya alichosaini, kwa lugha anayoisoma, pamoja na mpango wa kulipa kila mwezi. Hiyo haihitaji Bunge. Inahitaji mashine ya fotokopi.

Nanyi mameneja wa benki mlio na ofisi hapa mjini, hamhitaji kungoja Benki Kuu. Nyinyi mnaishi nasi, mmechangia qaaraan kwenye hizo hizo WhatsApp. Kwenye fomu ya mogeji, chini ya pale mnapouliza kama mwombaji amewahi kuorodheshwa, ongezeni mstari mmoja: pesa hizo zilitumika kwa nini? Na muache nafasi ya kubandika barua ya kulazwa.